Je, wajua kwa nini aliye ughaibuni humwambia asiyemjua kile asichoweza kumwambia mama yake?

Simu ya Jumapili inapigwa, sura zinatokea kwenye kioo, na maswali ni yale yale. Hujambo? Sijambo. Kazi? Inaendelea. Unakula lakini? Nakula, mama. Mama anaridhika, anamwombea mwanawe dua, simu inakatwa. Dakika kumi baadaye mwana huyo huyo, kwa jina la kubuni na picha ya ua badala ya uso wake, anaandika katika kundi la mtandaoni lenye watu mia nne ambao hajawahi kuonana na hata mmoja wao: "Tangu Jumatano sijaongea na mtu ana kwa ana. Kuna mwingine yuko hivi, au ni mimi tu?"

Ukimtazama kwa mbali utasema mambo yake yamekwenda kichwa chini miguu juu. Aliyemzaa anamficha, halaiki anaianikia moyo. Wala si yeye peke yake. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa mwaka 2024 watu milioni 304 walikuwa wakiishi nje ya nchi zao, na makundi ya kufarijiana kama hili yapo kwa wanafunzi, kwa wafanyakazi wa majumbani, kwa waliofuata wenzi wao, kwa waliokimbia vita. Kwa nini watu hawa wasiseme nyumbani, kwa watu wanaowapenda?

Jibu la kwanza ni kwamba nyumbani kila sentensi ina gharama. Mama akisikia unalia usiku, naye halali. Asipolala, dada atauliza kulikoni. Dada akijua, shangazi atajua, na kabla ya wiki kwisha utapigiwa simu na mjomba ambaye hamjazungumza miaka miwili akikuuliza kama unataka kurudi. Isitoshe, safari hiyo mara nyingi haikuwa ya mtu mmoja: huyu alitoa nauli, yule akauza kitu, wengine wakatoa baraka. Kusema "nimechoka" ni kama kuwaambia wote kwamba walipanda mbegu isiyoota. Basi mtu anapiga moyo konde na kusema mzima. (Na tusijidanganye kuwa wa mbali ndiye pekee anayeficha. Nyumbani nako wanaficha: presha ya baba iliyopanda, mdogo aliyefukuzwa shule. "Tusimtie wasiwasi, yuko peke yake huko." Pande mbili zinapendana kwa kudanganyana.)

Mtu usiyemjua hana gharama hiyo. Georg Simmel, mwanasosholojia wa Ujerumani, aliliona jambo hili mwaka 1908 katika insha yake fupi kuhusu mgeni. Mpita njia, alisema, mara nyingi hupewa siri ambazo watu huwaficha jamaa zao wa karibu, kwa sababu hafungamani na mambo ya mahali pale. Atasikia, ataondoka. Karibu karne moja baadaye, mwaka 2004, mwanasaikolojia wa Marekani John Suler alieleza kwa nini mtandao unalizidisha jambo hili: jina lako halijulikani, uso wako hauonekani, na huoni uso wa anayekusoma ukikunjamana. Pia hulazimiki kujibiwa papo hapo. Unaweza kuandika saa tisa usiku, ukafunga simu, ukasubiri asubuhi uone wamesema nini. Suler alionya pia kuwa kufunguka huko kuna sura mbili: ulimi unaolegea ukatoa uchungu ni ule ule unaolegea ukatoa matusi. Tutarudi hapo.

Lakini kutojuana peke yake hakutoshi. Kama kungetosha, watu wangeutua mzigo kwa yeyote waliyeketi naye kwenye basi. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: ukiwa kichwani kwa mwingine unauona mwepesi kama sufi. Mwambie mwenyeji kwamba umelia dukani kwa sababu hukulielewa swali la muuzaji, atakushangaa. Waambie waliowahi kusimama mbele ya muuzaji kama yule, na ndani ya dakika mbili utapata majibu saba, moja likiwa mzaha utakaokuchekesha kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Mle kundini mnakutana watu msiojuana lakini mmelala kitanda kimoja na mnawajua kunguni wake.

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo Kiswahili kina maneno yake. Kuna upweke, na kuna ukiwa. Upweke unaweza kuuhesabu: leo nimeongea na watu wangapi. Ukiwa ni ile hali ya mkiwa, mtu asiye na mtu wake wa kumwegemea, na unaweza kumpata mtu akiwa katikati ya kelele. Robert Weiss, mwanasosholojia wa Marekani, aliandika mwaka 1973 kuhusu mgawanyo unaokaribiana na huu: kukosa mduara wa watu wa kushirikiana nao ni jambo moja, kukosa mtu mmoja wa kushikamana naye kwa moyo ni jambo jingine, na mduara hauwezi kuziba pengo la mtu huyo mmoja. Kwa maoni yangu hapa ndipo wengi wanapoyadai makundi haya zaidi ya yanavyoweza kutoa. Kundi linaweza kukupa mduara. Haliwezi kuwa mkeo, mumeo wala ndugu yako wa toka nitoke, na anayelitaka liwe hivyo huishia kukata tamaa siku anapoandika na pasijibiwe.

Halafu kuna kuandika kwenyewe. Mwaka 1986 wanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha jaribio ambalo wanafunzi wa chuo waliandika kwa dakika 15 kila siku, siku nne mfululizo. Baadhi waliandika mambo ya kawaida tu, wengine kuhusu tukio lililowaumiza zaidi maishani. Walioandika yaliyowaumiza, pamoja na hisia zao, walijisikia vibaya mara tu baada ya kuandika, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kliniki ya chuo mara chache zaidi kuliko wenzao. Mwaka 2007 kikundi cha mwanasaikolojia Matthew Lieberman kikaonyesha kwa picha za ubongo kwamba mtu anapoipa hisia jina, kwa mfano "hasira" au "hofu", sehemu ya ubongo iitwayo amigdala, inayoshughulika na vitisho, hupunguza mwitikio wake. Kumbe kusema "naona wivu kwa wenzangu waliobaki" si kulalamika tu. Lile donge la kooni lililokuwa halina sura limepata jina. Na kwa anayeishi siku nzima katika lugha ya kujifunza, kulitaja kwa lugha aliyolelewa nayo ni nusu ya nafuu.

Jambo linalonivutia zaidi, hata hivyo, si faida ya anayeomba msaada bali ya anayeutoa. Turudi Mei 1935, katika mji wa Akron, jimbo la Ohio. Bill Wilson, mfanyabiashara wa New York, alikuwa hotelini peke yake, shughuli iliyompeleka imeharibika. Alikuwa ameacha pombe miezi michache tu, na kutoka pale aliposimama aliisikia baa ya hoteli ikichangamka. Hakumtafuta daktari, wala hakutafuta wa kumhurumia. Alianza kupiga simu kwa viongozi wa makanisa yaliyoorodheshwa pale hotelini, akitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Alikwisha kugundua kwamba anapojaribu kumsaidia mlevi mwenzake, yeye mwenyewe hanywi. Simu zile zilimfikisha kwa daktari mpasuaji aitwaye Bob Smith, aliyekubali shingo upande kumpa robo saa. Walikaa saa kadhaa. Kutokana na mazungumzo yale kikazaliwa chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, ambacho leo kimeenea duniani kote. Miaka 30 baadaye, mwaka 1965, mtaalamu wa Marekani Frank Riessman aliipa kanuni hiyo maelezo ya kitaalamu: anayesaidia mara nyingi hupona kwa kusaidia.

Msafiri, hoteli, mji asikomjua mtu, saa za jioni. Mhamiaji yeyote anaijua picha hiyo hata kama hajawahi kuonja pombe. Na ndiyo maana katika makundi mazuri utaona aliyefika miezi sita iliyopita akilia sasa anamwelekeza aliyefika jana: wiki ya tatu ndiyo iliyokuwa ngumu kwangu, jaribu kutoka nje hata kama huna pa kwenda. Ughaibuni mtu hushuka ngazi ghafla. Aliyekuwa mwalimu anakuwa asiyejua kujaza fomu. Kundini anarudi kuwa mtu mwenye la kumfaa mwenzake.

Na wale wanaosoma tu, hawaandiki neno? Nao wanafaidika. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2008 juu ya makundi ya wagonjwa mtandaoni ulikuta kuwa wasomaji wa kimya waliripoti kunufaika karibu sawa na waandikaji, isipokuwa katika kuboresha uhusiano wao na watu. Kwa hilo, waandikaji waliwazidi.

Sasa ile sura ya pili. Mwaka 2002 mwanasaikolojia wa Marekani Amanda Rose alieleza tabia aliyoiona kwa watoto na vijana: marafiki wanaolirudia tatizo lile lile, wakaligeuza juu na chini bila kulitoka. Urafiki wao ulinoga, na dalili za huzuni nazo zilikuwa nyingi zaidi. Kundi la wahamiaji linaweza kuingia shimo hilo hilo, kila usiku kikao cha kuilaani nchi mliyomo, kila anayejaribu kusema leo kulikuwa na afadhali ananyamazishwa. Wapo pia matapeli, maana palipo na machozi hapakosi mwenye kitambaa cha kuuza: anakufuata kwenye ujumbe wa faragha, ni mpole mno, na siku ya tano ana shida ya pesa. Msimamizi aliye macho ndiye ukuta hapa, na katika kundi lisilo na msimamizi mimi nisingekaa.

Kuna mambo mengine ambayo kundi haliyawezi hata likiwa zuri. Anayesema hataki kuishi, asiyelala wiki nzima, anayepigwa na mwajiri au na mwenzi, anahitaji daktari, huduma za dharura au simu ya msaada ya nchi aliyomo, na leo hii, si mioyo myekundu mia mbili. Makundi yanayojua kazi yake huweka namba hizo juu kabisa ya ukurasa, na msimamizi huwa hangoji kura.

Yule wa Jumapili naye huenda akapata jambo asilolitegemea. Ameshaiandika ile sentensi mara kadhaa mbele ya wasiomjua, imepoteza makali, haimtetemeshi tena. Jumapili nyingine anaulizwa hujambo, na badala ya mzima anasema: "Mama, wiki hii haikuwa nzuri." Upande wa pili pananyamaza kidogo. Kisha mama anavuta pumzi na kusema, basi na mimi nikwambie kuhusu ule mguu wangu.