Baada ya mwanamke kutibiwa saratani kwa mionzi ya nyonga: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Amebaki na mionzi mwilini, asipakate mtoto." Si kweli. Mionzi inayopigwa na mashine kutoka nje huisha mashine inapozimwa. Ile ya ndani, inayotumika sana kwa saratani ya mlango wa kizazi, huondoka pamoja na chanzo chake kinapotolewa ukeni. Na saratani haimwambukizi mume.

"Pameungua, paache papumzike, patapona penyewe." Hii ndiyo inayoumiza wengi, maana inasikika kama busara. Mionzi huacha makovu. Uke hukauka, hupoteza uwezo wa kutanuka, na kuta zake zaweza kushikana hadi njia ikawa fupi na nyembamba. Wanaodhani hayo ni mambo ya chumbani tu wanasahau kipimo: njia ikiziba, daktari atachunguzaje kama saratani imerudi? Kwa hiyo hata mjane, hata asiye na mwenzi, jambo hili lamhusu.

Uvimbe ulioletwa na mionzi ukishatulia, mara nyingi kati ya wiki 2 na 8 baada ya tiba kwisha, daktari akiridhia, mwanamke huanza kutumia kitanua uke. Ni kifaa laini cha plastiki au silikoni. Huanza na chembamba, akizoea anapanda kwenye kinene. Hukipaka kilainishi cha maji, hukiingiza taratibu, hukaa nacho dakika 5 hadi 10, mara 2 au 3 kwa wiki. Matone machache ya damu si ajabu. Damu nyingi au maumivu yasiyotulia, arudi hospitali. Wapo wahudumu wanaoona haya kulitaja jambo hili; basi mgonjwa aulize yeye.

"Dawa ni kukaza misuli." Kwa anayevuja mkojo, mara nyingi ndiyo. Ila misuli ya nyonga iliyopigwa mionzi huenda tayari imekakamaa, na mwenye hali hiyo hufundishwa kwanza kuilegeza. Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye wa kupima.

Kujifukiza, kunawa ndani kwa sabuni au majani? Hapana. Nje, kwa maji matupu, yatosha.

"Miaka imepita, haiwezi kuwa mionzi tena." Inaweza. Kibofu na utumbo mpana huweza kuanza kutoa damu miezi au miaka baadaye. Ukiona damu kwenye mkojo au choo, nenda ukapimwe, na mwambie daktari kwamba uliwahi kupigwa mionzi, hata kama ni miaka 10 iliyopita.