Kwa nini Vivaldi alisahaulika karibu miaka 200

Wanafunzi wangu wa fidla wakishaonja "Majira Manne" ya Vivaldi huuliza: mtunzi huyu alisahaulikaje? Jibu la kawaida ni kwamba ladha ya watu ilibadilika. Ni kweli, ila kwangu mimi sababu nzito zaidi ni namna alivyouza kazi yake.

Antonio Vivaldi alizaliwa Venice mwaka 1678. Alipata upadri mwaka 1703, na mwaka huohuo akaanza kufundisha fidla Pietà, kituo cha watoto waliotupwa, ambako wasichana walipiga muziki uliovuta wageni kutoka mbali. Ajira yake ilitegemea kura za wasimamizi. Mwaka 1709 zikamwangusha, akarudishwa 1711. Ndio mwaka ambao Estienne Roger wa Amsterdam alichapa tungo zake 12, L'estro armonico. Zikaenea Ulaya, na mtunzi Mjerumani Bach akageuza kadhaa ziwe za kinanda.

Baadaye Vivaldi akaacha kuchapisha. Mwaka 1733 alimweleza Mwingereza Edward Holdsworth kwamba nakala za mkono zinamlipa zaidi, gini moja (sarafu ya dhahabu ya Uingereza) kwa kila utungo. Kwa mfuko wake hesabu ilikuwa nzuri. Lakini nakala ya mkono huishia kabatini kwa mnunuzi, wakati chapa huzunguka hata mtunzi akishakufa.

Mwaka 1740 alielekea Vienna. Kaisari Karl VI, mtawala wa huko, akafariki Oktoba, majumba ya opera yakafungwa kwa msiba. Vivaldi alikufa huko 28 Julai 1741, akazikwa kwa gharama ndogo.

Kilichomwokoa ni rundo la maandishi alilojiwekea mwenyewe. Mwaka 1926 Wasalesiani (watawa Wakatoliki) wa Piedmont, kaskazini mwa Italia, wakitaka kuuza vitabu vyao vya zamani, waliomba vikaguliwe. Kazi ikamfikia Alberto Gentili wa Chuo Kikuu cha Turin, akakuta humo majuzuu 14 ya Vivaldi. Aligundua kuwa mkusanyiko una mapengo, kwa hiyo nusu nyingine iko mahali fulani. Ilikuwa Genoa, kwa ukoo wa Durazzo. Roberto Foà na Filippo Giordano, kila mmoja aliyefiwa na mtoto wake mdogo, walilipia ununuzi kwa kumbukumbu ya watoto hao. Sasa majuzuu yote 27 yako Turin.

Gloria, utungo wa kanisani unaopendwa na kwaya, ilitoka humo, ikasikika mjini Siena, Italia, Septemba 1939. Gentili hakuhusishwa katika onyesho hilo: alikuwa Myahudi, na sheria za ubaguzi za 1938 zilikuwa zimeshamtoa chuoni.