Laptopu mpya haihitaji kupigwa Windows

Msimu wa korosho ukianza kulipa, kuanzia Oktoba hivi, laptopu mpya zinaingia majumbani kutoka Mtwara mjini hadi Newala na Nachingwea. Haipiti wiki bila sentensi ile ile kurudi: "Fundi, ni mpya lakini nzito, nipigie Windows," yaani niifute Windows na kuisakinisha upya. Nimechoka kulijibu hili kwa vipande vipande. Laptopu mpya ikiwa nzito, mara nyingi haina virusi wala ubovu. Ina mizigo ya kiwandani inayowaka pamoja nayo.

Tofauti inayopotezwa kila siku ni hii: programu iliyolala kwenye diski bila kufunguliwa haipunguzi kasi. Gemu za majaribio kwenye menyu ya Start zinaudhi macho na kula nafasi, basi. Kinachoelemea ni kile kinachojiwasha chenyewe. Mtu anafuta gemu kumi, anawasha, hali ni ile ile, kisha anasema mashine ni mbovu.

Bonyeza Ctrl+Shift+Esc ifunguke Task Manager, nenda Startup apps, zima usichokihitaji: programu za kuchati, za muziki, za "kuboresha" kompyuta, vikumbusho vya kusajili. Kuzima si kufuta. Ukikosea, unawasha tena.

Mzigo mkubwa kuliko yote ni antivirusi ya majaribio. Inakagua kila faili linalofunguliwa, na kwenye diski ya kuzunguka (HDD) utaona kwenye Task Manager safu ya Disk imegota asilimia 100 huku prosesa haina kazi. Muda wake ukiisha, nyingi huacha kupokea masasisho lakini zinaendelea kuwaka na kudai malipo. Halafu mwenyewe anaogopa, anapakua antivirusi nyingine ya bure juu yake. Defender, antivirusi iliyomo ndani ya Windows, hujiweka pembeni ikiona antivirusi nyingine, lakini antivirusi mbili za nje hazipishani namna hiyo: kila moja inalikagua faili lile lile. Iondoe ya majaribio kwenye Settings, sehemu ya Installed apps, zima na uwashe, kisha endesha kisafishaji kinachotolewa na watengenezaji wake wenyewe, maana mabaki yake hung'ang'ania. Fungua Windows Security uhakikishe Defender imerudi kazini. Usiongeze kitu.

Sasa suala la bando, ambalo huku kwetu ndilo linalowachanganya wengi. Laptopu iliyotoka kwenye boksi huanza kushusha masasisho, na jumla yake inaweza kufika gigabaiti kadhaa. Ukiiunganisha na simu yenye bando la siku la GB 1, linaisha katikati, kesho inaendelea, keshokutwa inaendelea. Kazi ya usiku mmoja inageuka ya siku nyingi, na siku zote hizo mashine ni nzito. Tafuta Wi-Fi isiyo na kikomo usiku mmoja, chomeka chaja, acha imalize, iwashe upya mara mbili, ndipo uihukumu. Ukirudi kwenye simu, weka mtandao huo kuwa Metered connection, ili Windows ibane matumizi ya bando.

Usiguse kila kitu chenye jina geni. Realtek ni sauti au mtandao. Synaptics na ELAN ni padi ya kipanya. Intel Rapid Storage inahusu diski. Zile Visual C++ ni tegemeo la programu nyingine. Nasitasita kwenye programu ya masasisho ya kampuni iliyotengeneza laptopu: inaleta BIOS (programu ya msingi ya mashine) na draiva sahihi, lakini nyingine zinajiwasha bila sababu. Mimi huiacha ibaki na kuizima kwenye Startup, ingawa kuna mafundi ninaowaheshimu wanaoifuta kabisa.

Kupiga Windows kuna mahali pake. Mwaka 2015 ilibainika kwamba baadhi ya laptopu za Lenovo ziliuzwa na programu ya matangazo iitwayo Superfish. Kuifuta peke yake hakukutosha, cheti chake cha usalama kilibaki ndani ya Windows. Kwa hiyo anayetaka kuanza upya simlaumu. Ninachopinga ni flashi ya mtaani yenye Windows Pro ya krak kwenye mashine uliyoinunua na Windows Home halali. Tangu Windows 8, ufunguo wa leseni umehifadhiwa kwenye chipu ya mashine yenyewe. Tengeneza flashi ya GB 8 kwa Media Creation Tool, programu ya Microsoft yenyewe, weka toleo lile lile, ukiunganisha intaneti inajitambua bila kuulizwa ufunguo.

Kabla ya hapo, hifadhi ufunguo wa BitLocker (kufuli la Windows linalofunga diski) ulioko kwenye akaunti yako ya Microsoft na hakikisha betri imejaa, maana umeme ukikatika katikati ni balaa. Kwenye laptopu za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea, kisakinishi kinaweza kukosa kuiona diski kabisa. Diski haijafa, kinahitaji draiva ya VMD, yaani ya kidhibiti diski cha Intel, iweke mapema kwenye flashi. Wi-Fi isipotambuliwa, chomeka simu kwa waya na uwashe USB tethering. Na ile Reset iliyomo ndani ya Windows inaweza kurudisha mizigo yote ya kiwandani, kwa hiyo isikushangaze.

Baada ya yote hayo kuna mashine zitakazobaki nzito. RAM ya GB 4, Windows 11, na hifadhi ya eMMC (aina ya bei nafuu na ya polepole) ya GB 64: Windows peke yake inakula zaidi ya nusu ya RAM hiyo, na mara nyingi RAM na hifadhi vyote vimechomelewa kwenye bodi. Ukiwa bado dukani, mwombe muuzaji aiwashe, afungue Performance kwenye Task Manager, abofye Memory. Soma kiasi cha RAM na mstari wa Slots used, unaoonyesha nafasi za RAM zilizotumika, kabla hujatoa hela.