Kwa nini kampuni kubwa humaliza kesi kabla ya hukumu

Mtu aliyeishitaki hoteli kubwa ya Nungwi au kampuni ya meli, kisha akaitwa kwenye suluhu, mara nyingi huona ameshashinda: wangelipa bure kama hawana kosa? Hulipa. Tena hati nyingi za suluhu huandikwa wazi kwamba malipo hayo si kukiri kosa.

Kampuni inapiga hesabu. Tuseme mfanyakazi aliyevunjika mguu kazini anadai shilingi milioni 80, na uwezekano wa kushinda au kushindwa ni nusu kwa nusu. Kwa kampuni, kesi hiyo ni sawa na deni la milioni 40. Ongeza milioni 15 za mawakili na mashahidi mpaka rufaa, zinafika 55. Wakilipa chini ya hapo wamepata nafuu. Mdai naye, akitoa gharama zake za milioni 8, mkononi amebakiwa na 32. Basi suluhu yenye maana iko baina ya 32 na 55, na anayekutajia milioni 15 huku akikuhimiza usaini leo bado yuko mbali.

Yapo na wasiyoyasema mezani. Hukumu husomwa hadharani, na wengine walioumia vilevile wataishika. Ripoti za ndani za usalama zinaweza kuitishwa mahkamani. Hukumu kubwa inaweza hata kuiangusha kampuni: mwaka 1985 mahkama ya Houston, Marekani, iliipa kampuni ya mafuta Pennzoil fidia ya zaidi ya dola bilioni 10 dhidi ya kampuni nyengine ya mafuta, Texaco, mwaka 1987 Texaco ikaomba kinga ya kufilisika, yaani mahkama iilinde na wanaoidai, ikamaliza kesi kwa bilioni 3.

Kinachotutia wasiwasi zaidi ni hati yenyewe. Ukisaini kuachia "madai yote, yanayojulikana na yasiyojulikana" kabla daktari hajapima ulemavu wa kudumu, gharama za upasuaji wa pili utazilipa wewe mwenyewe. Usikubali kufuta kesi kwanza ulipwe baadaye: fedha zisipokuja utalazimika kufungua shauri jipya, na muda wa kudai kisheria unazidi kwenda. Hati itaje kiasi, tarehe ya malipo na nani anabeba gharama, kisha iwasilishwe mahkamani iwe hukumu ya makubaliano. Hapo kampuni isipolipa, unaomba kukazia hukumu na mali zake zikamatwe.

Hukumu hiyo kwa kawaida haikatiwi rufaa, kwa hiyo ikiwa hati ni ya Kiingereza, taka usomewe kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu, kabla ya kusaini.