Nusu lita ya damu: kwa nini mkunga sasa anapima badala ya kukisia

Somo langu la kwanza kwa wanafunzi wa ukunga huwa halina kitabu. Natandika khanga mbili sakafuni, namwaga juu yake maji yaliyotiwa rangi nyekundu, kisha nauliza: hapa pamemwagika kiasi gani? Wengi husema mililita 200. Mmoja au wawili hujitutumua wakafika 300. Nimemwaga 700. Wakunga wakongwe wanaonitembelea darasani nao hukosea, na hao wamezalisha kwa zaidi ya miaka ishirini. Khanga hunywa, godoro hunywa, na macho yetu hupunguza. Tena kadiri damu inavyozidi kuwa nyingi, ndivyo macho yanavyozidi kupunguza.

Kosa hilo la macho limewagharimu akina mama wengi maisha yao. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, wanawake wapatao milioni 14 hutokwa na damu kupita kiasi baada ya kujifungua kila mwaka, na makumi ya maelfu hufariki. Wengi wao wako Afrika kusini mwa Sahara na Asia ya Kusini. Nchini Tanzania vifo vya uzazi vimepungua sana: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta vifo 104 kwa kila vizazi hai 100,000, wakati ule wa 2015/16 ulikuta 556. Hata hivyo, katika vifo vinavyobaki, damu bado iko mstari wa mbele.

Tuanze na kinachotokea mwilini. Mimba ikikomaa, zaidi ya nusu lita ya damu hupita kila dakika kwenye mji wa mimba kumlisha mtoto. Mtoto akizaliwa na kondo la nyuma likabanduka, mishipa iliyokuwa ikilihudumia hubaki wazi. Kinachoifunga ni misuli ya mji wa mimba wenyewe. Nyuzi zake zimepishana kama ukili wa mkeka, na zikijikaza huinyonga mishipa inayopita katikati yake. Ndiyo maana mkunga hubonyeza chini ya kitovu mara kwa mara baada ya uzazi. Anatafuta kitu kigumu na cha duara. Akikuta pamelegea, ajue mishipa iko wazi. Mwanamke aliyekuwa na afya njema asubuhi anaweza kufariki ndani ya saa mbili.

Na mwili wake haupigi kelele mapema. Wakati wa ujauzito damu huongezeka kwa karibu nusu ya kiasi cha kawaida, hivyo mama anaweza kupoteza lita nzima huku akiongea na kuuliza mtoto ana kilo ngapi. Presha hushuka akiwa amekwisha kwenda mbali. Nakumbuka usiku mmoja, nikiwa bado kijana kazini, katika hospitali ambayo sitaitaja. Mama alikuwa akitabasamu. Kwenye jalada lake niliandika "damu kiasi cha kawaida", kwa sababu ndivyo nilivyoona. Dakika arobaini baadaye tulikuwa tunakimbia naye. Alipona, lakini aliondoka bila mji wa mimba, na alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Maneno yale manne niliyoandika sijayasahau.

Utafiti ninaotaka kuueleza leo ulianzia kwenye kosa la namna hiyo. Unaitwa E-MOTIVE. Uliongozwa na Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, kwa kushirikiana na watafiti wa nchi nne ulikofanyika: Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini. Kwa upande wetu Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kilishiriki, na Kenya ni Chuo Kikuu cha Nairobi. Matokeo yalichapishwa Mei 2023. Walifuatiliwa wanawake zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida katika hospitali zipatazo themanini.

Hospitali ziligawanywa kwa kura. Kote, mama alipokwisha kujifungua aliwekewa chini ya makalio shuka la plastiki lenye mfuko mwishoni wa kukingia damu. Katika kundi la kwanza mfuko ulikuwa mtupu kabisa, hauna alama, na wahudumu waliendelea na kazi kama walivyozoea. Katika kundi la pili mfuko ulikuwa na mistari inayoonyesha mililita, na mkunga alifundishwa nini afanye damu ikifika kwenye mstari. Msomaji auone vizuri mpango huo: plastiki ileile, damu ileile, mahali pamoja kuna mistari na pengine hakuna.

Palipokuwa hakuna mistari, wahudumu waligundua karibu nusu tu ya wanawake waliotokwa na damu kupita kiasi, asilimia 51. Nusu nyingine walikuwa wakivuja mbele ya macho ya watu waliosomea kazi hiyo, na hakuna aliyejua. Palipokuwa na mistari waligunduliwa asilimia 93.

Lakini kugundua peke yake hakutoshi, na hapa ndipo ninapowaomba wenzangu wa fani tusikie vizuri. Tulizoea kutibu kwa ngazi. Unaanza na sindano ya kukaza mji wa mimba, unasubiri uone. Isipofaa unaweka dripu, unasubiri. Kisha unampigia daktari, naye yuko njiani. Kila subira inaliwa na damu. E-MOTIVE ilivunja ngazi hiyo. Mstari ukifikiwa, mambo yote yanafanywa kwa mkupuo ndani ya dakika kumi na tano: mji wa mimba unakandwa hadi ukaze, dawa ya kuukaza inatolewa, dawa ya kuimarisha mgando wa damu inatolewa, dripu inawekwa, kisha mama anakaguliwa kama amechanika, kama kipande cha kondo kimebaki, kama kibofu kimejaa, huku msaada ukiitwa. Vifaa vyote vinakaa kwenye kisanduku au kitoroli kimoja, ili asiwepo mtu wa kutumwa stoo kutafuta funguo usiku wa manane.

Katika kundi la kwanza, waliopata matibabu hayo kwa ukamilifu walikuwa asilimia 19. Kwenye kundi la pili walikuwa 91. Matokeo yake: wanawake waliopoteza lita moja au zaidi, au kupasuliwa tumbo kwa ajili ya damu, au kufariki kwa sababu hiyo, walishuka kutoka asilimia 4.3 hadi 1.6. Ni punguzo la asilimia 60. Walioongezewa damu pia walipungua. Vifo vyenyewe, nashukuru Mungu, vilikuwa vichache mno katika makundi yote mawili kiasi kwamba tofauti yake haikuweza kuthibitishwa kwa takwimu, na si haki kumwambia mtu kwamba utafiti huu peke yake ulionyesha vifo vimepungua kwa kiasi fulani. Ulichoonyesha ni kwamba wanawake wachache sana walifika ukingoni.

Hakuna dawa mpya hapo. Oksitosini, sindano ya kukaza mji wa mimba, tunayo kwa miongo mingi, ingawa inataka jokofu na huharibika ikiachwa kwenye joto. Ile ya kuimarisha mgando, asidi ya traneksamiki, ina historia inayonigusa kila ninapoisimulia. Iligunduliwa Japani mwaka 1962 na mke na mume, Utako na Shosuke Okamoto. Bibi Utako aliitafuta akiwafikiria hasa akina mama wanaokufa kwa damu, lakini hakuwapata madaktari wa uzazi waliokubali kuijaribu. Ilitumika kwa kung'oa meno na upasuaji mwingine. Ikabidi ipite zaidi ya miaka hamsini. Mwaka 2017 utafiti uitwao WOMAN, ulioratibiwa na chuo cha afya ya jamii na tiba ya nchi za joto cha London, ulitoa majibu kutoka kwa wanawake 20,060 wa nchi 21, zikiwemo za kwetu Afrika Mashariki: dawa ikitolewa ndani ya saa tatu, vifo vya damu hupungua kwa karibu theluthi moja. Kila robo saa ya kuchelewa hupunguza faida yake kwa asilimia kumi. Bibi Okamoto alifariki mwaka 2016, mwaka mmoja kabla.

Oktoba 2025 Shirika la Afya Duniani na mashirika ya kimataifa ya madaktari wa uzazi na wakunga walitoa mwongozo mpya. Kipimo cha damu kupita kiasi tulichokariri vyuoni ni mililita 500, yaani chupa ndogo ya maji unayonunua stendi. Sasa mkunga hatakiwi kusubiri chupa ijae. Damu ikifika 300, pungufu kidogo ya soda ya kioo, na mapigo ya moyo au presha vikionyesha kasoro, aanze matibabu hapohapo.

Mimi naona mabadiliko haya yana uzito mkubwa zaidi kwetu kuliko kwa nchi tajiri, kwa sababu wajawazito wetu wengi huingia leba wakiwa na damu pungufu tayari. Mama mwenye damu nyingi anaweza kupoteza nusu lita akaamka akanywa uji. Mwenye damu kidogo, kiasi hichohicho kinamwangusha, na hata kidogo ya hapo. Utafiti mwingine wa chuo hicho cha London, uliofanyika Tanzania, Nigeria, Zambia na Pakistan, ulikuta kwamba wajawazito wenye upungufu mkali wa damu walikuwa na hatari ya kufariki au kuponea chupuchupu mara saba kuliko wenye upungufu wa wastani. Watafiti walitarajia pia kwamba kumpa mama kama huyo traneksamiki mapema, kabla hajaanza kuvuja, kungemkinga. Haikumkinga. Kwa hiyo vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki, vile ambavyo wengi huviacha kabatini kwa sababu vinatia kichefuchefu na kufanya choo kiwe cheusi, havina mbadala wa dakika za mwisho. Choo cheusi ni madini ya chuma, si ugonjwa. Kichefuchefu hupungua ukivimeza usiku wakati wa kulala. Chai isifuatane navyo, maana huzuia chuma kisiingie mwilini.

Nyumbani nako kuna neno nalisikia hadi leo, mara nyingi kutoka kwa mama mkwe au shangazi anayemtakia mzazi mema: "Iache itoke, hiyo ni damu chafu." Nawaomba sana, mama zangu, neno hili tuliache. Ni kweli kwamba baada ya kujifungua kuna damu ya kawaida inayotoka kwa siku na wiki kadhaa, ikipungua na kubadilika rangi taratibu. Inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja si ya kawaida. Inayotoka na mabonge makubwa, iliyokuwa imepungua ikarudi kwa wingi, inayoambatana na kizunguzungu, jasho la baridi, moyo kwenda mbio au midomo kupauka, yote hayo ni ya kukimbilia kituoni, hata kama ni wiki ya tatu na hata kama ni usiku. Tanzania ipo namba ya bure ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, 115. Mkiwa mnasubiri gari, mama alale chali, afunikwe, akojoe kama anaweza kwa sababu kibofu kilichojaa huzuia mji wa mimba kujikaza, na mtoto awekwe kwenye titi, kwani kunyonya kunaamsha oksitosini yake mwenyewe.

Siku ya kujifungua, mwenzi au ndugu aliyemsindikiza ana haki ya kuuliza kwa adabu: "Dada, damu yake imefika ngapi?" Mkunga aliyepima atakuwa na jibu. Pasipo na mfuko wenye mistari, mizani hufanya kazi hiyo: nguo zilizolowa hupimwa, uzito wa nguo kavu hutolewa, na gramu moja huhesabiwa kama mililita moja. Kwa sababu hiyo, mkimleta mama aliyejifungulia nyumbani au njiani, msizifue zile khanga wala msizitupe kwa aibu. Zifungeni kwenye mfuko mje nazo, tuziweke kwenye mizani.