Kwani bahari haitoshi? Dhana potofu kuhusu chumvi, wanja, zinki na vidonge vya damu

Nafundisha kemia skuli ya sekondari hapa Pemba. Kila mwaka jedwali la elementi likishatundikwa ukutani, wanafunzi huanza kuleta maswali ya majumbani kwao: ya jikoni, ya kliniki, ya kwenye kibweta cha bibi. Swali linalorudi kuliko yote ni kama kitu fulani "kina kemikali" au ni cha asili. Huwajibu kwa chumvi. Sodiamu peke yake ikitiwa majini hulipuka, na klorini peke yake ni hewa ya sumu. Zikiungana, ndiyo chumvi tunayomtilia changu. Ukiambiwa jina la elementi, basi, uliza pia imeungana na nini, na ni kiasi gani.

"Sisi watu wa pwani hatuwezi kukosa madini joto"

Madini joto ndiyo iodini. Tumezungukwa na bahari, tunakula samaki, na mashamba ya chumvi tunayo wenyewe. Tena iodini yenyewe iligunduliwa mwaka 1811 na Mfaransa Bernard Courtois katika majivu ya mwani. Tutaikosaje?

Tupige hesabu. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, lakini iodini iliyomo ni kama mikrogramu 60 tu. Hata iodini yote ingebaki baada ya maji kukauka juani, na haibaki yote, kijiko cha chai cha gramu 5 kingekupa mikrogramu 9 hivi. Mtu mzima anahitaji 150 kwa siku, mjamzito 250. Ndiyo maana chumvi hutiwa iodeti ya potasiamu. Ikiwa na miligramu 30 za iodini kwa kila kilo, kijiko kile kile kinatoa mikrogramu 150.

Samaki wa bahari wana iodini, hilo ni kweli, ila kipande kimoja kikigawanywa kwa watu sita hakifiki mbali. Mwani nao tunaulima, Paje, Jambiani na pwani za Pemba, lakini tukishauanika tunauuza nje, na wanaoula hapa ni wachache mno. Watafiti walipowapima watoto wa skuli visiwani walikuta upungufu wa iodini, na wa Pemba ulikuwa mkubwa kuliko wa Unguja. Watu wengi wanaujua upungufu huu kwa rovu la shingoni. Kinachonitia hofu zaidi ni kile kisichoonekana: mama mjamzito akikosa iodini, ubongo wa mtoto haukui inavyotakiwa, na hakuna chakula cha baadaye kitakachokirudisha kilichopotea.

Kwa hiyo nunua chumvi iliyoandikwa kuwa ina madini joto, iweke kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na mvuke wa sufuria, na uitie chakula kikikaribia kuiva. Ile ya mawe inayotoka shambani moja kwa moja bila kutiwa kitu, waachie wanaotengeneza ng'onda, yaani samaki wa kukaushwa.

"Jiki ukiichanganya na dawa ya choo, uchafu unatoka vizuri zaidi"

Dawa nyingi za choo zina asidi. Asidi ikikutana na jiki, klorini iliyofungwa humo hufunguka na kutoka ikiwa hewa, ile ile ya sumu niliyoitaja mwanzo, nawe umejifungia chooni na dirisha dogo. Ndimu na siki pia ni asidi. Tumia kimoja, suuza kwa maji mengi, ndipo utumie cha pili siku nyingine.

"Wanja wa manga ni wa asili, hauna madhara"

Nalisema hili kwa heshima, maana bibi mzaa mama alinipaka wanja huo kabla sijatoka arubaini, akiamini unatia nguvu macho na kukinga husuda. Alikuwa na kipande cha jiwe jeusi linalong'aa, akilisaga taratibu na kulihifadhi kama dhahabu. Jiwe la namna hiyo mara nyingi ni galena, yaani madini ya risasi yaliyoungana na salfa. Limechimbwa ardhini, ni la asili kabisa, na risasi iliyomo ni ya asili vile vile.

Wapo wanaonijibu kuwa ithmidi imetajwa katika hadithi za Mtume (S.A.W.). Sunna siipingi. Ithmidi kwa kawaida hufasiriwa kuwa ni jiwe la antimoni, na jiwe hilo na galena hufanana mno kwa macho, hata anayekuuzia sokoni hawezi kukuthibitishia anauza lipi. Wanja wa aina hii umepimwa kwenye maabara za nchi mbalimbali, na uliokutwa na risasi inayozidi nusu ya uzito wake si mmoja wala wawili. Mtoto hujifikicha jicho, kisha kidole kinakwenda mdomoni. Risasi huingia damuni na kuudhuru ubongo unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa ni salama. Macho ya mtoto mchanga hayahitaji kupakwa chochote. Kama alikwishapakwa, mwelezeni daktari bila ya kuona haya.

Nikishalifundisha somo hili, hakosi mtoto wa kuitupa kalamu yake ya risasi. Hiyo haina risasi. Kilichomo ndani ni grafiti, yaani kaboni, iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Jina limebaki tangu zama watu walipoidhania grafiti kuwa aina ya risasi.

"Zinki ni ya mabati, mtoto atapewaje?"

Aliniuliza mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa anaharisha, vidonge vimo mkononi. Alikuwa amesema kweli nusu. Bati la paa ni chuma kilichovikwa zinki, na karibu na bahari zinki hiyo huliwa kwanza, chuma kikapona kwa muda. Lakini mwili nao unaihitaji kidogo kidogo, kwa kinga na kwa ngozi ya ndani ya utumbo. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walielekeza mtoto anayeharisha apewe zinki pamoja na maji ya ORS, yale ya chumvi na sukari: miligramu 20 kwa siku, au 10 akiwa chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14. Kosa kubwa ni kuacha siku ya tatu kwa kuwa choo kimeshashika.

"Chuma ni damu, kadiri unavyozidisha ndivyo bora"

Kwanza rangi. Juisi ya rozela ni nyekundu kwa sababu ya rangi ya ua lake, na wekundu huo hauoneshi kuna chuma kiasi gani. Chuma tafuta kwenye maini, dagaa na mboga za majani. Mboga zikamulie ndimu, maana hurahisisha chuma kuingia mwilini, na chai ya rangi iahirishe saa moja baada ya kula, kwani hukizuia.

Kuhusu kuzidisha, jibu lilipatikana hapa hapa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 katika jarida la Lancet uliwahusisha watoto wapatao 24,000 wa Pemba, wa umri wa mwezi 1 hadi miezi 35, wakati malaria ilikuwa imetuzidi. Waliokuwa wakipewa chuma kila siku walilazwa hospitali au kufariki zaidi kuliko wasiopewa, na sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa kabla ya wakati wake. Lakini wale ambao miili yao ilikuwa na upungufu wa chuma kweli, na malaria yao ikifuatiliwa na kutibiwa, walinufaika. Mama mjamzito aendelee na vidonge vya damu, yaani vya chuma, anavyopewa kliniki. Mtoto asinunuliwe dawa ya damu dukani bila ya kupimwa.

Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani lilibadilisha maelekezo yake: penye malaria, chuma cha watoto kiende pamoja na kinga na tiba ya malaria. Wauguzi wa nchi nyingi wanayafuata leo, na yalianzia kwa watoto wa kisiwa hiki, ambao sasa ni watu wazima wenye watoto wao.