Almasi za pwani ya Namib hazikufichwa na mtu

Mpwa wangu anaandika riwaya ya kusisimua. Mwezi uliopita alinitumia sura tano za mwanzo, kwa sababu anajua mjomba wake ni mjiolojia aliyeanza kazi kwa kuchekecha changarawe Maganzo, jirani na mgodi wa Mwadui. Mhusika wake anavuka jangwa la Namib kwa miguu, midomo imepasuka kwa kiu, ramani ya Mjerumani imeshonewa ndani ya koti. Kwenye sura ya tano anaingia pangoni na kukuta sanduku limejaa almasi.

"Mjomba, umeionaje?" aliniuliza kwenye simu. Nikamwambia mwendo wake ni mzuri, nimesoma bila kuweka chini, lakini pango alitoe. Almasi za pwani ile hazikufichwa na mtu. Zimepangwa. Mto umezipanga, bahari ikazipanga tena, upepo nao ukamalizia, na waliozipata ni wale waliojua kuusoma huo mpangilio. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi niandikie, nielewe." Ndiyo haya.

Sisi wa Shinyanga tumezoea almasi iliyo nyumbani kwake. Mwadui, aliyoigundua mjiolojia John Williamson mwaka 1940, ni bomba la kimbalaiti, mwamba uliopanda kutoka kina kirefu sana chini ya ardhi ukiwa umebeba almasi. Unachimba pale pale zilipotokea. Pwani ya Namibia haina bomba la namna hiyo. Almasi zake ni wageni waliotoka bara, maeneo ya Kimberley na Lesotho, ambako mabomba mengi yalipasua ardhi yapata miaka milioni 90 iliyopita. Tangu hapo mvua na mito imekuwa ikiyakwangua kutoka juu, na Mto Orange, wenye urefu wa kilomita zipatazo 2,200, ukabeba mawe hayo hadi Atlantiki.

Safari hiyo ni kinu. Almasi ni ngumu, lakini ngumu si sawa na isiyovunjika. Yenye ufa au uchafu ndani hupasuka ikigongana na majabali ya mtoni, na vipande vyake husagika vikapotea. Inayofika baharini ni ile iliyo nzima ndani. Ndiyo maana zaidi ya tisa katika kila kumi za pwani ile zinafaa kuwa vito, kiwango ambacho migodi ya bara haikaribii.

Baharini kazi inaanza upya. Mawimbi makubwa ya kusini-magharibi huipiga pwani kwa mshazari, miaka nenda miaka rudi, na kusukuma changarawe kuelekea kaskazini. Mawe mazito huachwa mapema, mepesi hufika mbali. Karibu na mdomo wa mto, wastani wa jiwe unazidi karati moja, kipimo cha uzito wa vito. Ukipanda kaskazini zaidi ya kilomita 200 hadi mji wa Lüderitz, wastani umeshuka chini ya robo karati. Hata bila ramani, mtu mwenye kiganja cha almasi za pwani ile anaweza kukisia ziliokotwa umbali gani kutoka mtoni. Nilimwambia mpwa wangu: hiyo ndiyo ramani, wala haishonwi kwenye koti.

Nieleze uzito kidogo, maana ndiyo siri yote. Maganzo tulichekecha ndani ya maji. Unalizungusha chekeche na kulidundisha, unazungusha na kudundisha, mpaka vizito vinazama na kukusanyika katikati. Kisha unalipindua chini kwa mpigo mmoja, kama mama anavyopindua sufuria ya ugali kwenye sinia. Kilichokuwa chini sasa kiko juu, na katikati ya lile duara unaona jicho: punje nyeusi za ilmenaiti, nyekundu za ganeti, madini yanayofuatana na almasi. Ukiwa na bahati, kuna moja inayong'aa kama imepakwa mafuta, maji hayaishiki. Almasi ina uzito mara tatu na nusu ya maji, mchanga wa kawaida mara mbili na nusu na ushei. Tofauti hiyo ndogo, ikirudiwa na wimbi kwa mamilioni ya miaka, inageuza pwani nzima kuwa chekeche.

Halafu upepo. Kusini mwa Namib upepo wa kusi unavuma kwa nguvu inayokwangua rangi ya magari. Unabeba mchanga mwepesi na kuacha kokoto na punje nzito zikiwa wazi juu ya ardhi. Katika bonde la Idatal, upande wa Pomona, almasi zilikuwa zimelala juu ya mchanga, watu wakaziokota kwa macho tu, hata usiku kwa mbalamwezi. Zipo picha za zamani za wafanyakazi wakitambaa kwa mstari, magoti na viganja vichangani, msimamizi amesimama nyuma yao.

Sasa nimfikie mtu ambaye riwaya nyingi humruka. Aprili 1908, Namibia ikiwa koloni la Ujerumani, Zacharias Lewala alikuwa akipiga sepetu kuondoa mchanga kwenye reli karibu na kituo cha Grasplatz, nje ya Lüderitz. Aliwahi kufanya kazi Kimberley, jicho lake lilishajua almasi inavyokaa. Akaona jiwe, akalitambua, akampelekea bosi wake, August Stauch. Stauch alilijaribu kwenye kioo cha saa yake, likakwaruza. Akakata leseni za utafutaji kimyakimya, akatajirika. Lewala hakulipwa kitu. Wote wawili walikuwa na jiwe lile lile mkononi, ila mmoja ndiye aliyekuwa na haki ya kuandikisha ardhi.

Na reli yenyewe ilijengwa na nani? Miongoni mwa waliotumikishwa walikuwa wafungwa wa Kinama na Kiherero kutoka kambi ya Shark Island, pale Lüderitz, ambako watu walikufa kwa maelfu kati ya 1905 na 1907. Miaka hiyo hiyo, chini ya bendera hiyo hiyo ya Ujerumani, babu zetu wa kusini mwa Tanganyika walikuwa katika Vita vya Maji Maji. Siwezi kuandika habari za almasi zile nikaanza na Stauch na saa yake. Anayeweka riwaya pale, mchanga wake una mifupa, na msomaji ana haki ya kujua.

Miezi michache baadaye, Septemba 1908, serikali ya Kijerumani iliifunga nchi: kutoka Mto Orange hadi latitudo 26, kilomita 100 kuingia bara. Wakaiita Sperrgebiet, eneo lililokatazwa. Mji wa Kolmanskop ukainuka na ukumbi wa starehe, kiwanda cha barafu na hospitali yenye mashine ya eksirei, katika nchi isiyo na tone la maji ya kunywa. Leo mchanga umejaa vyumbani hadi madirishani. Watu wa mwisho waliondoka mwaka 1956.

Kilichouua mji huo ni mpangilio ule ule wa ukubwa. Katika miaka ya 1920 mjiolojia Hans Merensky, akitafuta upande wa kusini wa Mto Orange, aliona almasi zinafuatana na makombe ya chaza wa zamani. Alikuwa anasoma fukwe za kale, zilizoachwa nchi kavu bahari iliporudi nyuma. Mwaka 1928 almasi zikapatikana upande wa kaskazini wa mto pia, kubwa kuliko zile za Lüderitz, na mwaka 1936 mji wa Oranjemund ukaanzishwa. Kazi ikahamia kusini na watu wakaifuata.

Pale Oranjemund ndipo ningependa mpwa wangu amweke mhusika wake. Mitambo huondoa mchanga wa mita nyingi, ukuta wa mchanga unaizuia Atlantiki, na chini kabisa, mahali palipo chini ya usawa wa bahari, mwamba mtupu unatokea, umechongwa mifereji na nyufa. Nyufa hizo ndizo zilizonasa almasi. Kwa miaka mingi wafanyakazi wa mkataba, wengi wao Waovambo kutoka kaskazini, walizifagia kwa brashi za mkono. Ufa upana wa kidole, brashi, ndoo, na bahari inanguruma nyuma ya ukuta wa mchanga unaovuja. Pango la nini?

Akitaka hazina ya kweli, ipo. Aprili 2008, mgodini humo humo, palifukuliwa meli ya Kireno iliyopotea mwaka 1533 ikielekea India, safari ya njia ile ile iliyowafikisha Wareno Kilwa na Mombasa. Wataalamu wanaamini ni Bom Jesus. Ilikuwa na sarafu za dhahabu zaidi ya 2,000, pembe za ndovu, na tani kadhaa za shaba. Ilibaki salama kwa sababu hakuna mtu wa kawaida aliyeruhusiwa kukanyaga ufuo ule kwa karne nzima.

Siku hizi almasi nyingi zaidi za Namibia zinatoka chini ya bahari, meli zinanyonya changarawe kwenye kina cha zaidi ya mita 90. Hilo nimelipitia haraka makusudi. Meli zile ni viwanda vilivyofungwa, jiwe halioni mkono wa mtu, na mwandishi atapata shida kuingiza moyo wa binadamu mle.

Jana alinipigia tena. Pango amelitoa. Mhusika sasa ni mfagiaji wa nyufa, na katika sura ya tano anaona jiwe la karati nne kabla ya msimamizi kugeuka. "Sasa mjomba, anatokaje nalo?"

Nikamwambia hapo ndipo kitabu kinapoanza. Kuwa na almasi ghafi bila leseni ni kosa la jinai Namibia. Magari yaliyoingia eneo la mgodi hayakuruhusiwa kutoka. Yalizeekea humo, yakaoza kwa chumvi. Kila anayetoka hupita kwenye eksirei. Watu waliwahi kufunga mawe kwenye miili ya njiwa wa posta na kuwarusha juu ya uzio, na wengine wakagundulika kwa sababu njiwa alizidiwa mzigo, akashindwa kuruka.

"Karati nne ni gramu ngapi?" akauliza.

"Sifuri nukta nane."

Nikasikia anaandika.